Mtoto akishika kazi mwachieni amalize

Hapa kwetu ukitaja Montessori, ile njia ya kufundisha ambayo mtoto anajichagulia kazi na kuifanya mwenyewe kwa vifaa, mtu wa kwanza kukujibu atakuuliza ada yake shilingi ngapi. Ndo tulivyoijua, geti limepakwa rangi, kigari kinapita asubuhi kuchukua watoto, mzazi anatoa pesa kila muhula. Kwa hiyo nikiwaambia watu kuwa watoto wa dada yangu wamesoma Montessori kule Minnesota na dada hajatoa hata senti ya ada wengi wanashangaa, maana dada anafanya kazi ya kuwatunza wazee na shemeji anaendesha basi, si watu wa pesa hata kidogo.

Ni hivi. Kule Marekani kuna skuli za serikali zinaitwa chata. Zinaendeshwa kwa pesa ya kodi na mtoto hasomi kwa ada, ila skuli inakuwa na bodi yake na mkataba wake, inajichagulia namna ya kufundisha, na ikishindwa kutimiza yale yaliyomo kwenye mkataba inaweza kufungwa. Minnesota ndo jimbo la kwanza kupitisha sheria ya skuli hizi, mwaka 1991, na ya kwanza ikafunguliwa St. Paul mwaka 1992. Baadhi yao zimechagua kufundisha kwa njia ya Montessori. Watoto wakiomba wengi kuliko nafasi zilizopo inapigwa kura ya bahati nasibu, haangaliwi baba yako nani. Mkubwa wa dada aliingia kwa kura na mdogo akaingia kwa kuwa ndugu yake yumo. Ila wote wawili walianza na miaka 5, kwa sababu wa miaka 3 na 4 skuli nyingi za namna hii zinawatoza, pesa ya serikali kwa kawaida inaanzia darasa la miaka 5.

Sasa walipokuja kwetu Wete, Pemba, likizo iliyopita, karafuu ndo zimeanza kuchumwa. Mdogo ni msichana wa miaka 7, akakaa kitako kwenye jamvi na bibi yake kuchambua. Mama yangu akamwonesha mara moja, kikonyo kinabaki huku karafuu inaanguka huku, hakumwelezea sana kwa sababu mtoto Kiswahili chake bado kinakwama kidogo. Yule mtoto akatazama mikono ya bibi yake, halafu akaanza. Wenzake wakaja kumwita wakacheze akawajibu "bado sijamaliza", wakaja tena, akawajibu vile vile, mpaka lile fungu lake likesha, akakusanya makonyo upande wake na akauliza yanawekwa wapi. Mama akasema mtoto huyu hana papara kabisa, kafunzwa na nani? Na mie ndo nikaanza kumuuliza habari za skuli yake kila siku jioni, yeye na kakake, na mengi ya humu yametoka kwao.

Nlimuuliza asubuhi ukifika mnafanya nini, akaniambia "nachagua kazi, mama mdogo." Hawaiti kucheza wala somo, kazi. Darasani kwake wamo wa miaka 6 mpaka 9, wote chumba kimoja, na vifaa viko kwenye rafu za chini ambazo mtoto anafika mwenyewe. Anachukua kifaa, anatandika kimkeka chake chini, hapo ndo pake mpaka amalize, na mwenzio akitandika mkeka wake huruhusiwi kuukanyaga wala kuuruka, unazunguka. Akimaliza anarudisha kila kitu kilipokuwa ili na mwengine akikute kizima. Asubuhi inakwenda hivyo karibu masaa matatu, hakuna kengele ya kuwakata, mwalimu anapita kwa huyu kisha kwa yule, anakaa na wawili watatu anawaonesha jambo jipya, wengine wote wanaendelea na shughuli zao. Nlimuuliza na ukichoka? Akasema unakula kitafunio chako, unaosha kikombe chako, unarudi.

Hesabu ndo zilizonishangaza zaidi. Wana shanga, moja ni moja, kumi zimetungwa kwenye waya zinakuwa kijiti, vijiti kumi vimefungwa pamoja vinakuwa bamba la 100, na mabamba kumi yakipangwa yanakuwa mchemraba wa shanga 1000. Akaniambia elfu ni nzito, unaishika kwa mikono miwili. Fikiria mtoto anayeijua elfu kwa uzito wake kabla hajaiandika! Mie nimesoma mpaka fomu foo na elfu kwangu ilikuwa moja na sifuri tatu ubaoni. Wale wadogo zaidi wana herufi zilizokatwa kwenye msasa wanazipapasa kwa vidole kabla ya kushika penseli, na wana gogo la mbao lenye mashimo 10 na vipande 10 vya kuingiza, ukikosea kimoja cha mwisho hakiingii, basi mtoto anajua mwenyewe kuna pahala kakosea, hakuna mtu wa kumwambia "umekosa" mbele ya wenzake. Hili nnalipenda mno. Watoto wangapi kwetu wameichukia hesabu kwa sababu ya kile kicheko cha darasa zima?

Na kuna meza wanaiita meza ya amani. Wawili wakigombana wanakwenda pale, mmoja anasema mwengine anasikiliza kisha wanabadilishana, mwalimu haingilii ila ikishindikana. Kakake anasema walipokuwa wadogo ilisaidia sana lakini walipofika miaka 11 wengine walikuwa wanakwenda pale ili wasifanye kazi tu. Nimefurahi alivyoniambia na hili, sitaki kuwaletea habari ya sukari tupu.

Sasa nije kwenye jambo lililonikaa moyoni. Wakati ananieleza darasa la watoto wa umri tofauti, kila mmoja yuko pahala pake, mkubwa anamsomesha mdogo, mie nilikuwa nnaona chuo chetu cha Kurani kile kile nilichosomea. Chuoni nani alisema watoto wote leo mko ukurasa mmoja? Huyu yuko kwenye alifu, huyu anasoma Juzuu Amma, yule keshafika Yasini, wote ukumbi mmoja juu ya mkeka mmoja, na maalim anakuita mmoja mmoja unasoma mbele yake, ukiweza unasonga, hukuweza unarudi kesho na sura ile ile na hakuna aliyekwambia umefeli. Na wakubwa ndo waliokuwa wanatushikisha sie wadogo. Mie herufi zangu nimesomeshwa na msichana wa jirani yetu aliyekuwa na miaka kama 12, maalim alikuja kunisikiliza tu. Najua chuoni kulikuwa na bakora pia, na hilo silitetei, mtoto hapigwi akapenda elimu. Lakini ule mpango wenyewe, kila mtoto na mwendo wake na mkubwa kumshika mkono mdogo, huo tulikuwa nao na tunao mpaka leo. Asubuhi tunawapeleka skuli wote wafungue ukurasa mmoja, jioni tunawapeleka chuoni kila mtu na pahala pake, na hatujawahi kukaa kujiuliza mtoto anashika zaidi wapi.

Yule mkubwa ana miaka 13, alikuwa pale toka miaka 5 mpaka alipomaliza darasa la 6, sasa yuko skuli ya kawaida. Huyu maneno yake ni ya mtu aliyeona pande zote mbili. Alisema kuna mwaka aliikimbia hesabu wiki nyingi kwa kuwa kuchagua ni kwake, akawa anachagua ramani na wanyama tu, mpaka mwalimu akakaa nae wakaandika mpango wa wiki, unachagua lini na wapi lakini hesabu lazima imo. Uhuru una mipaka, watu wengi hawalijui hili wanadhani Montessori ni kumwachia mtoto afanye atakavyo. Pia kwa vile ni skuli ya serikali mtihani wa jimbo uko pale pale, kuanzia darasa la 3 kila mwaka kusoma na hesabu, na anasema mara ya kwanza kukaa mbele ya kompyuta na maswali ya kuchagua aliogopa, hawakuwa wamezoea kupewa alama. Mwalimu akawafundisha namna ya kufanya mtihani kama kazi nyengine tu. Alipohamia skuli ya kawaida kilichomtesa ni kengele. Kila baada ya dakika chache za somo kengele, inuka, chumba chengine, mwalimu mwengine, "nikianza kuelewa tunaondoka" ndo alivyoniambia. Na kuomba ruhusa ya kwenda chooni, hilo lilimuudhi mno. Masomo yenyewe hayakumshinda, na anajua kujipangia kazi zake za nyumbani bila ya kukumbushwa, dada yangu anasema hapo ndo anaiona faida.

Mnaodhani hii njia imeanzia kwa matajiri, haikuanzia huko. Maria Montessori alikuwa daktari Muitalia, alimaliza udaktari Roma mwaka 1896, akafanya kazi na watoto walioitwa hawafundishiki, na tarehe 6 Januari 1907 akafungua chumba cha kwanza katika mtaa wa San Lorenzo Roma, mtaa wa watu masikini, kwa watoto ambao wazee wao wanashinda kazini na wao wanabaki majumbani wanaharibu kuta. Wale ndo wanafunzi wake wa kwanza. Na kuna utafiti wa Milwaukee, mji wa Marekani, uliotoka mwaka 2006, walichukua watoto walioomba skuli ya serikali ya Montessori kwa kura, wakawalinganisha walioipata kura na walioikosa. Ndo nnavyoupenda, kwa sababu wazee wote hao walitaka kitu kimoja, huwezi kusema hawa wana wazee wanaojali na wale hawana. Watoto wa miaka 5 walioingia walikuwa mbele kwenye kusoma na hesabu na kwenye kusuluhishana na wenzao, na wa miaka 12 waliandika insha zenye ubunifu zaidi.

Najua mtanijibu watoto wetu ni wengi darasani, mikondo miwili asubuhi na jioni, na vifaa hivyo ni ghali. Wingi ni kweli, na nafurahi naona skuli za ghorofa zinajengwa, watoto wapungue darasani. Lakini vifaa hapana, hapo sikubaliani. Pemba hii, komwe tunazo, kauri tunazo, vifuu, mchanga wa kuandikia herufi kwa kidole, karafuu na makonyo ya kuchambua, visaga vya mchele vya kupimia. Zile skuli za maandalizi za madrasa zilizosaidiwa na Aga Khan toka miaka ya 90 walimu wake wanafundishwa kutengeneza vifaa kwa vitu vya hapa hapa, na watoto wakapita humo wakaja kufanya vizuri. Vituo vya TuTu, Tucheze Tujifunze, vilikuwa na redio inayotoa masomo na mama mmoja wa kijijini aliyefundishwa, na watoto walisoma. Kinachokosekana ni mwalimu aliyefunzwa kunyamaza akamtazama mtoto, na hiyo kazi ina mafunzo yake marefu, mwalimu wa Montessori anasoma muda mrefu namna ya kuonesha kifaa kimoja kimoja. Nnatamani wizara yetu ichukue hata madarasa machache ya maandalizi ya serikali, moja Wete moja Micheweni, wajaribu kwa dhati, walimu wafunzwe sawasawa, watoto wa wavuvi na wachuma karafuu waingie kwa kura. Sioni kwa nini isiwezekane.

Mpaka hilo litokee, kwa nyie mnaotaka kulipa, jueni kuwa hilo jina halina mwenyewe, mtu yeyote anaweza kuliandika kwenye geti lake na hakuna wa kumzuia. Niliwahi kwenda kutazama maandalizi moja, sitoitaja, vifaa vipo, vizuri vya kutoka nje, viko ndani ya kabati la kioo limefungwa kwa funguo na watoto wa miaka 4 wamekaa kwenye viti wanaimba A B C kwa pamoja. Wazee wao wanalipia kile kioo. Niliumia mno.

Kwa hiyo ukienda usiangalie rangi ya ukuta. Omba ukae nyuma ya darasa asubuhi nzima, nyamaza, tazama. Vifaa viko chini mtoto anapofika au viko juu? Watoto wa umri mmoja au wamechanganywa? Mwalimu yuko mbele anasema peke yake au yuko chini na mtoto? Mtoto akiwa katikati ya kazi yake anaachiwa? Mtoto akimwaga maji anagombezwa au anaoneshwa kitambaa kilipo? Muulize mwalimu kasomea wapi na muda gani, si vibaya kuuliza, ni mtoto wako. Na wakikwambia mzazi haruhusiwi kukaa darasani hata siku moja, chukua fomu yako utafute kwengine.