Siku Moja Kisiwani Cousin: Kumsubiri Shoro Asiye na Pete

Wengi wakisikia kwamba kazi yangu ni kushika ndege katika visiwa vya Shelisheli, hudhani nimo mapumzikoni, ndiyo maana naieleza siku hii kama ilivyokuwa.

Saa kumi na moja alfajiri niliamka, na kabla jua halijachomoza nyavu zilikuwa zimesimama. Karibu kila shoro wa Shelisheli, ndege mdogo mwimbaji, katika kisiwa hiki cha Cousin chenye hekta 29 hivi amevishwa pete moja ya chuma na tatu za rangi, ili atambulikane kwa darubini maisha yake yote. Asubuhi hiyo tulimpata kinda mmoja: tulimchoma kidogo mshipa wa bawa, tukahifadhi tone la damu katika kichupa cha spiriti, tukampima, tukamwachia.

Kuanzia saa tatu nilimsubiri dume asiye na pete aliyekuwa akiimba jirani na kiota cha kinda huyo. Nilicheza sauti ya shoro iliyorekodiwa. Akaja, akatua juu kidogo ya wavu, akaimba na kurudi mtini. Upepo ukautunisha wavu hata ukaonekana waziwazi, kisha akanasa ndege mweusi wa baharini, ambaye kumnasua kulinichubua vidole. Dume aliporudi karibu kabisa, kundi la watalii likapita, na mgeni mmoja akausogelea wavu akiuliza kwa sauti kubwa kwa nini tunawatesa ndege wazima. Shoro akatoweka.

Niliudhika, lakini swali lake lilistahili jibu. Nilimweleza kwamba katika miaka ya 1960 shoro hawa walikuwa wamebaki chini ya 30 duniani, wote kisiwani humu, na kwamba upungufu ule uliwaachia aina chache za jeni za kinga ziitwazo MHC. Jeni hizo huongoza utengenezaji wa molekuli zinazozionyesha chembe za kinga vipande vya vijidudu, hivyo mwenye aina nyingi ana nafasi ya kutambua maradhi mengi zaidi. Damu ya shoro hubeba vimelea vya Haemoproteus, jamaa wa vile vya malaria, na kwa kuwa ni nadra mno ndege hawa kuhama, asiyeonekana tena huhesabiwa kuwa amekufa. Ndiyo maana imewezekana kugundua kwamba wenye aina fulani ya jeni hizo huishi muda mrefu zaidi, na kwamba jike ambaye mwenzi wake ana aina chache huelekea zaidi kuzaa na dume wa nje mwenye aina nyingi. Uteuzi asilia, yaani wenye sifa zinazowafaa kuishi na kuzaa zaidi kuliko wengine, unatendeka machoni petu, nami naona fahari kuwa miongoni mwa wanaouhesabu, ingawa mgeni aliondoka bila kuridhika.

Mchana joto lilitulazimisha kufunga nyavu. Baada ya hapo sikutazama tena saa: nilipanda miamba kukagua maeneo mengine, miguu ikauma, maji yakaisha, nikarudi kwa dume yule na kuufungua tena wavu. Jua likielekea kuzama aliingia wavuni, na mikono yangu, pamoja na uchovu wote, ilimshika kwa upole uleule wa asubuhi.

Usiku niliandika rangi za pete tulizomvisha na namba ya kichupa chake. Safu ya baba wa kinda nimeiacha wazi hadi maabara ilinganishe damu zao.