Filimbi ya kifuani ilipozimika njiani

Mgonjwa wa kwanza kunifia ndani ya gari la wagonjwa alikuwa ametulia kabisa. Mzee wa pumu, tulimchukua upande wa Ipole, kusini mwa Sikonge, kifua kikipiga filimbi mpaka dereva anaisikia kule mbele. Hatujafika mbali, filimbi ikaisha. Nikamwambia binti yake, "Mzee amepata nafuu." Stetoskopu ilikuwa shingoni mwangu na sikuigusa. Tulifika hospitali hapumui.

Jambo lililonipita siku ile ni hili: filimbi hutokea hewa inapojipenyeza kwenye njia zilizobana, kwa hiyo ili ilie ni lazima hewa iwe inapita. Njia zikiziba zaidi, au mgonjwa akichoka kusukuma pumzi, filimbi huzimika. Kifua cha mwenye pumu kikinyamaza huku mwenyewe anasinzia, kifo kimeshasogea karibu.

Nilianza kujifunza upya, safari hii kwa vifua vizima. Jioni niliwasikiliza watoto wangu, mke wangu, hata jirani aliyekuja kuomba chumvi. Juu, katikati, chini, mgongoni, ubavuni chini ya kwapa. Na kila mahali kulia kisha kushoto palepale, kwa sababu sikio hupima kwa kulinganisha. Shati nililivulisha, maana kitambaa kikisuguana na stetoskopu hutoa mchakacho wa uongo. Mchakacho wa kweli, ule wa nimonia au wa maji kwenye mapafu, niliuzoea kwa kusugua nywele zangu kwa vidole karibu na sikio. Jaribu, unafanana sana.

Zipo sauti zisizohitaji chombo. Mtoto akivuta pumzi kwa mkwaruzo mkali, tatizo liko kooni: muache apakatwe na mama yake, usimlaze kwa nguvu wala kumchokonoa koo. Mtoto aliyepaliwa na karanga, na huku Tabora karanga haziishi majumbani, anaweza kuwa na upande mmoja tu usioingiza hewa. Ukisikiliza upande mmoja ukaridhika, hilo litakupita.

Shida kubwa ilikuwa gari lenyewe. Kwenye vumbi na makorongo, injini ikinguruma, kifuani husikii kitu cha kuaminika. Kwa hiyo nikajiwekea utaratibu: nasikiliza kabla hatujaondoka, naandika nilichosikia na saa yake, na njiani nikiona badiliko lolote, gari linasimama na injini inazimwa. Nilielewana na dereva kwamba nikigonga bati mara mbili, asiniulize kwa nini. Wapo wanaoona tunapoteza muda. Mimi naamini dakika moja ya kusikiliza inalipa.

Msimu wa kukausha tumbaku tukapata kijana aliyeshinda siku mbili akichochea moto kwenye bani, banda la kukaushia tumbaku, katikati ya moshi. Kabla ya kuondoka niliandika: filimbi pande zote. Tukiwa tumeiacha Sikonge nyuma, sikuisikia tena. Mama yake akashusha pumzi. "Afadhali amelala, dokta. Hajalala tangu juzi."

Niligonga bati. Gari likasimama kando ya miombo, injini ikazimwa. Juu kulia kulikuwa na sauti nyembamba. Chini, kulia na kushoto, hakuna kitu. Kipimo cha kidoleni, kile cha oksijeni kwenye damu, kilisoma asilimia 84. Nilimwita jina, akafumbua macho, neno halikutoka.

"Mama, huyu hajalala. Hewa haipiti. Mshike kwa nyuma, akae wima."

Nikamfungulia oksijeni. Dawa ya kuvuta ya salbutamoli, ile inayofungua njia za hewa, nilimpa kupitia chupa ya maji ya nusu lita niliyoitoboa kitako: napuliza mara moja, namwacha avute pumzi kadhaa, napuliza tena, mpaka mara kumi. Nikamchoma haidrokotisoni, dawa ya kutuliza uvimbe wa njia za hewa, mshipani, nikauweka mfuko wa kupumulishia karibu na mkono, nikapiga simu Kitete, hospitali ya mjini Tabora, watuandalie nafasi. Dereva akaondoa gari taratibu. Baada ya dakika ishirini nikarudia salbutamoli.

Tulikuwa tumeanza kuona nyumba za pembezoni mwa mji mama alipokamata mkono wangu. "Dokta, imeanza tena ile sauti!"

Nikagonga bati. Injini ikazimwa. Nikamsikiliza mgongoni, juu mpaka chini, machozi yakinilengalenga.

"Imerudi, mama. Acha ilie."

Kipimo kilisoma asilimia 93. Pale mapokezi nesi aliniuliza hali ya kifua, nikamsomea karatasi yangu: saa nne na nusu, filimbi pande zote, saa tano na dakika tano, kimya, saa sita kasoro kumi, filimbi kali, kulia na kushoto.