Nilivyohesabu vikandaa, na mikandaa ilivyoniaibisha

Aisee nianze na aibu ili niimalize kabisa. Mara ya kwanza kuhesabu vikandaa nilirudi na namba 212, nikaitupia kwenye grupu letu la wanaojitolea pamoja na picha yangu tope mpaka kiunoni, watu wakanipongeza kweli kweli. Kumbe zaidi ya nusu ilikuwa mikandaa ya kawaida, mkoko mwingine kabisa.

Kwa msiokijua, kikandaa ni mkoko mdogo hivi, kitaalamu Lumnitzera racemosa, unaota nyuma kabisa karibu na nchi kavu, kule ambako maji yanafika siku za bamvua tu, yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo. Kwenye hori letu, yaani huu mkono wa bahari ulioingia nchi kavu, umebaki kiduchu ndo maana tunaufuatilia kila miezi sita. Hori gani sitaji, ni huku kaskazini mwa jiji inatosha, wachoma mkaa nao wana bando.

Sasa yule jamaa aliyetupa semina (na posho alikula) alituambia angalia ncha ya jani tu, ukiona kikato hapo katikati basi ni kikandaa. Nikaenda na hiyo. Mbona mkandaa nao majani mengine yana kikato kile kile! Nilikuwa naandika tu na kujisifia moyoni kwamba sisi hori letu limebarikiwa.

Aliyeniokoa ni mama mmoja anaokota kombe pale. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba halafu akaniuliza, "Hivi mwanangu, kutwa unahesabu mikandaa ya nini, mnataka kuikata?" Nikamwambia mama hivi ni vikandaa. Alicheka mpaka akaweka ndoo chini. Akachuma kitawi cha huu na cha ule akanishikisha vyote viwili: "Huu majani yake mapacha, yametoka mawili mawili yanatazamana. Kikandaa jani lake halina mwenza, hili huku lile kule." Halafu akanionyesha mkandaa unavyoning'iniza watoto wake kama vijiti virefu, kitu ambacho kikandaa hakifanyi, chenyewe kina vimaua vyeupe vidogo na jani limenona ukilibonyeza. Akaongeza kwamba enzi zao magome ya mkandaa walikuwa wanachemsha kupata rangi. Dakika kumi, bila posho. Nikarudia kazi yote, nikapata 87.

Kuweka alama nako ni stori. Tulianza na vitambaa vyekundu, wiki mbili watoto wameshatengenezea mikia ya vishada. Nikapaka rangi ya mafuta kwenye shina, hapo nikajiona nimeua, kumbe mtu akikuta mti umepigwa rangi anajua umeshachaguliwa kukatwa, yaani nilikuwa nawasaidia kuchagua! Dawa niliipata nyumbani nikiwa nakunywa soda. Ukichana kopo la soda kwa mkasi unapata vibati, unaandika namba kwa kukandamiza na msumari, haifutiki na maji ya chumvi wala jua. Unafunga na mshipi wa kuvulia ila uache kitanzi kipana, ukikaza mti ukinenepa unajinyonga. Mshipi sijui elfu tatu au nne, makopo nilikusanya bure kwenye kipaimara cha mtoto wa jirani, wakanitazama vibaya lakini poa tu.

Ukitegemea simu ikuonyeshe ulipo chini ya mikoko ile utaumia, inapepesuka mita kadhaa na miti yenyewe imebanana. Mimi natandaza kamba yenye fundo kila mita, naandika mti upo fundo la ngapi, mkono gani. Na wale wachanga wasiofika gotini naandika pembeni, ukiwachanganya na wakubwa utadhani msitu unakua kumbe wakubwa wanaisha.

Viatu usivae gamubuti, tope linazinyonya unabaki na soksi. Raba kuukuu, funga kamba kisawasawa. Nenda siku za bamvua, huku kwetu maji yanakupwa kama saa nne asubuhi, kwa hiyo ingia saa mbili, saa saba uwe umetoka. Mimi siku moja nilinogewa nikavuka saa tisa na daftari nimelibeba kichwani.

Mwezi uliopita nimezunguka tena, nimekuta 84. Viwili vimekauka. Namba 31 kimebaki kisiki, na aliyekata wala hakutupa kibati changu, amekitundika vizuri tu kwenye mti wa jirani. Nikaangalia majani. Mapacha.