Nyumba za kushikana ukuta katikati ya mji wa Dodoma

Nyumba za zamani za katikati ya mji wa Dodoma, hasa zile za Uhindini na za barabara zinazojulikana kwa namba zake, zina tabia ambayo mtu aliyezoea nyumba za Kisasa, Ilazo au Area D hawezi kuitambua kwa haraka. Huko pembeni kila nyumba imekaa ndani ya kiwanja chake, ina uzio wake na inapata hewa pande zote nne. Hapa mjini nyumba inaanzia ukingoni mwa barabara, ina chumba cha duka mbele, vyumba vya kuishi nyuma na ua mwembamba unaoishia jikoni na chooni, na kuta zake za ubavuni ni kuta za jirani pia. Mimi na ndugu zangu tulirithi nyumba mbili za namna hiyo kutoka kwa wazazi wetu, na kazi ya kuzitunza nimeachiwa mimi kwa kuwa ndiye ninayeishi Dodoma. Katika kuifanya kazi hiyo nimefikia msimamo mmoja, kwamba fedha ya ukarabati wa nyumba ya kushikana ianze kutumika mahali ambapo nyumba yako inakutana na ya jirani, yaani ukutani, paani na kwenye njia za maji, na kwamba mambo ya rangi, vigae na jipsamu yasubiri zamu yake.

Ninaandika haya sasa kwa sababu nyumba hizi zinanunuliwa kwa kasi. Tangu Serikali ilipotangaza Julai 2016 kwamba inahamia Dodoma kwa vitendo, na baada ya mji kupewa hadhi ya jiji tarehe 26 Aprili 2018, mahitaji ya vyumba na fremu za biashara yameongezeka, na treni ya SGR iliyoanza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam mwaka 2024 imewaleta wanunuzi ambao hapo awali wasingefikiria kuwekeza huku. Wengi wao hununua, hupiga rangi, hubandika vigae na kuweka mpangaji ndani ya muda mfupi. Mvua za kwanza zikinyesha, mpangaji huanza kupiga simu.

Kabla ya ukuta kuna karatasi, na Dodoma ina historia yake katika jambo hili. Kwa miongo kadhaa tangu mwaka 1973, viwanja vya mji huu vilipangwa na kugawiwa na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ambayo wenyeji waliiita CDA, na mkazi alipewa hati ya upangaji wa ardhi ya miaka 33. Mamlaka hiyo ilivunjwa tarehe 15 Mei 2017, shughuli zake zikahamia kwenye halmashauri, na wenye hati hizo wakaelekezwa kwenye hatimiliki za miaka 99. Kwa hiyo mtu anayeonyeshwa hati ya zamani asiishie kuangalia jina na muhuri. Ahesabu miaka, kwa kuwa hati ya miaka 33 iliyotolewa mwaka 1988 ilifika ukomo mwaka 2021, kisha afanye upekuzi rasmi ofisi ya ardhi ili ajue kama imebadilishwa, kama kuna rehani juu yake, na kama kodi ya ardhi inadaiwa. Aombe pia ramani ya upimaji na aisome akiwa amesimama kwenye nyumba yenyewe, maana hapo ndipo atakapojua kama mpaka unapita katikati ya ukuta wa pamoja au kwenye uso wake mmoja. Tofauti hiyo ya sentimita chache ndiyo inayoamua nani ana haki ya kuutoboa ukuta huo na nani ana wajibu wa kuutengeneza.

Nyumba ya urithi ina sharti la ziada. Mpaka msimamizi wa mirathi ateuliwe na mahakama, hakuna mtoto mwenye mamlaka ya kuiuza nyumba, hata akiwa ndiye mkubwa na hata kama ndiye aliyemuuguza marehemu. Wanandoa nao wakumbuke kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ambacho kinamzuia mume au mke kuuza, kutoa zawadi, kuweka rehani au hata kupangisha nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Watu wengi wanaijua kanuni hiyo kwa upande wa kuuza na rehani, lakini huwashangaza kusikia kwamba upangishaji nao umetajwa.

Sasa ukuta. Katika nyumba nyingi za enzi hizo, ukuta wa pamoja umejengwa kwa mawe au matofali yaliyounganishwa kwa udongo au chokaa, na kenchi za mapaa yote mawili zimelala juu yake. Fundi aliyezoea bloku za saruji akiukuta umebabuka, hukimbilia kuukwangua na kuupiga lipu nzito ya saruji. Kazi hiyo hupendeza kwa msimu mmoja. Ukuta wa udongo na chokaa hunyonya unyevu kutoka chini na kuutoa taratibu kupitia usoni mwake. Ukizibwa kwa saruji na rangi ya mafuta, unyevu hubaki ndani, chumvi hujikusanya nyuma ya lipu, na baada ya muda lipu yote huvimba na kudondoka kwa mapande makubwa, mara nyingi upande wa jirani ambaye hakuhusishwa. Ule unga mweupe unaoonekana chini ya madirisha na karibu na sakafu ni chumvi iliyobebwa na maji. Kuupaka rangi hakusaidii kitu mpaka maji yenyewe yapatikane yanakotoka: bomba linalovuja chini ya sakafu, chemba iliyopasuka, au ua uliopandishwa kwa zege hadi maji ya mvua yakaelekea ukutani badala ya barabarani.

Hali ya hewa ya Dodoma inatusaidia sana katika hili, na ninaona watu wachache wanaitumia. Mvua zetu huja kati ya Desemba na Aprili, na miezi inayobaki ni mikavu yenye upepo mkali. Ukuta uliokwanguliwa mwezi Juni na kuachwa wazi hadi Septemba hukauka wenyewe bila gharama, kisha hupigwa lipu ya chokaa iliyochanganywa na mchanga na saruji kidogo, ambayo inauacha upumue. Ndiyo, mpangaji hawezi kukaa katika chumba hicho kwa muda wote huo na kodi ya miezi kadhaa inapotea, lakini ninauona upotevu huo kuwa nafuu kuliko kurudia kazi ileile kila baada ya misimu miwili.

Ukipanda darini utaona jambo jingine linalohitaji uangalifu zaidi kuliko hata chumvi. Mara nyingi ukuta wa pamoja umeishia usawa wa dari, na kutoka hapo hadi kwenye bati kuna uwazi unaoziunganisha nyumba mbili, tatu, pengine mtaa mzima. Kupitia uwazi huo husafiri sauti, panya na mwizi, na moto ukianza kwenye jiko la nyumba moja hauhitaji kuvunja chochote ili ufike nyumba ya tatu. Kuupandisha ukuta hadi chini ya bati kwa tofali nyepesi, na kuziba kila tundu ambalo mbao au waya unapita, ni kazi isiyoonekana na mpangaji na ambayo dalali hataitaja kwenye tangazo lake, lakini ningeichagua kabla ya kigae chochote. Pamoja na hayo kuna mfereji wa bati uliofichwa nyuma ya ukuta wa mbele, kati ya paa lako na la jirani. Huo hujaa vumbi na majani miezi yote ya kiangazi, na siku mvua kubwa ya kwanza inaponyesha, maji hufurika kuelekea ndani kwa kuwa hayana pengine pa kwenda. Usafishwe Oktoba, upangiwe zamu kati ya nyumba mbili, na zamu hiyo iandikwe.

Kuandikishana ndilo jambo ambalo wengi hulionea aibu. Majirani wa mjini wamesalimiana kwa miaka mingi, wamezikana na wameozeshana, na kumpelekea jirani karatasi huonekana kama kumtilia shaka. Mimi naona kinyume chake. Mzee anayemiliki nyumba inayopakana na yetu alikubali tuandike ukurasa mmoja mbele ya mwenyekiti wa mtaa, tukaeleza ukuta ni wa nani, gharama ya mfereji inagawanywaje, na kwamba yeyote anayetaka kuchimba au kutoboa atatoa taarifa kabla. Watoto wake na watoto wetu, ambao huenda hawatafahamiana kama tulivyofahamiana sisi, watakuwa na mahali pa kuanzia.

Haja hiyo ni kubwa zaidi kwa sababu katikati ya mji panapandishwa maghorofa. Anayevunja nyumba ya chini ili ajenge ghorofa huchimba msingi wenye kina kuliko msingi wa nyumba inayomgusa, na udongo ulioishikilia nyumba hiyo kwa miongo mingi hulegea. Jengo lililoporomoka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024 na kuua zaidi ya watu 20 liliwaumiza Watanzania wote, na linapaswa kutufanya tuwe wagumu pale jirani anapotuambia kwamba mhandisi si lazima. Ukisikia ujenzi unakuja ubavuni kwako, omba kuona kibali cha ujenzi cha Halmashauri ya Jiji, piga picha za kila chumba zenye tarehe, na kwenye kila ufa uliopo gandisha kipande chembamba cha kioo kwa saruji pande zote mbili; kioo kikipasuka, unajua ufa unatembea, nawe unayo hoja ya kusimamisha kazi mapema. Hayo yanamhusu pia mwenye nyumba anayetaka kuongeza ghorofa juu ya kuta zake za zamani. Misingi ile haikukusudiwa kubeba zege, na ukuta atakaouelemea ni wa watu wawili.

Kuhusu maji nitasema machache. Maji ya mji wetu kwa sehemu kubwa hutoka kwenye visima vya bonde la Makutupora, na yana madini mengi. Mabomba ya chuma ya zamani hujenga ukoko ndani hadi tundu linabaki dogo, na hita za bafuni huungua kabla ya wakati. Ni bora kuyaondoa mabomba yote ya chuma kwa mara moja na kuweka ya plastiki ya kuunganishwa kwa joto, yapite juu ya ukuta wa nyumba yako mwenyewe na si ndani ya ukuta wa pamoja, na kila nyumba iwe na tangi lake kwa ajili ya siku za mgao, likiwa limekaa juu ya nguzo zake na si juu ya ukuta wa jirani.

Umeme unahitaji maelezo zaidi, kwa sababu unagusa kodi. Duka la mbele na vyumba vya nyuma vinapotumia mita moja, ugomvi ni wa hakika: mwenye friji la vinywaji na mwenye taa mbili hawawezi kuchangia sawa. Kila sehemu iwe na mita yake ya LUKU, na nyaya zikaguliwe na fundi mwenye leseni ya EWURA, ambaye atahakikisha kuna waya wa ethi, kitu ambacho nyumba za zamani mara nyingi hazina. Lakini tangu mwaka 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU, na kiwango kinachotumika tangu Julai 2023 ni shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 7,500 kwa kila sakafu ya ghorofa. Nyumba moja ikiwa na mita tatu, mwenye nyumba aende TRA kuhakikisha makato yanafanyika kwenye mita moja tu. Na kwa kuwa kodi hiyo ni ya mwenye jengo na si ya mpangaji, mkataba useme wazi kwamba kiasi anachokatwa mpangaji kitapunguzwa kwenye kodi ya pango. Shilingi 18,000 kwa mwaka si nyingi, lakini mpangaji anayelipishwa deni lisilo lake hulikumbuka.

Mkataba wenyewe uwe wa maandishi na ulipiwe ushuru wa stempu, ambao ni asilimia 1 ya kodi ya mwaka, kwa kuwa hati isiyolipiwa ushuru huo haipokelewi kuwa ushahidi siku mgogoro unapofika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mpangaji wa fremu akiwa kampuni au taasisi, atazuia asilimia 10 ya kodi ya pango na kuipeleka TRA. Mwenye nyumba adai cheti cha makato hayo na asimchukie mpangaji kwa kutii sheria. Bei itajwe kwa shilingi, maana kanuni zilizoanza kutumika Machi 2025 zinakataza kutoza kwa fedha za kigeni huduma na bidhaa za ndani ya nchi.

Kuhusu nani wa kumpangisha, nina maoni ambayo baadhi ya ndugu zangu hawakubaliani nayo. Wapo wanaotaka vyumba vya nyuma viwekwe samani na kukodishwa wakati wa vikao vya Bunge, hasa kile kirefu cha bajeti kinachoanza Aprili na kuisha Juni, kwa kuwa bei yake kwa siku ni kubwa. Mimi nampendelea mtumishi au mfanyabiashara anayekaa miaka mitatu. Nyumba ya kushikana inataka mtu anayewajua majirani, anayesikia maji yakidondoka darini usiku na kutoa taarifa asubuhi, na anayefahamu kwamba muziki wake unasikika chumba cha pili cha nyumba ya pili. Kwa mpangaji wa namna hiyo niko tayari kupokea kodi ya miezi mitatu mitatu badala ya sita au mwaka kama ilivyo desturi, na katika kila miezi sita ya kodi, ya mwezi mmoja inaingia kwenye akaunti ya matengenezo ambayo hakuna ndugu anayeigusa bila saini ya mwingine. Fedha ya akaunti hiyo ndiyo itakayolipia nusu yetu ya mfereji mpya wa paa la pamoja. Mzee jirani ameshapata makadirio ya fundi, na tumekubaliana kazi ifanyike Agosti, bati la zamani litolewe lote na kenchi zilizoliwa na mchwa zibadilishwe siku hizohizo.