Linux ikiganda wakati wa kuhamisha mafaili makubwa, anza na kumbukumbu (RAM)

Studio yetu iko Kirumba, Mwanza, na tunaishi kwa video za harusi. Mafaili mazito huvutwa kwa waya wa mtandao hadi kwenye kompyuta ya Linux yenye diski kubwa ya zamani. Hapo ndipo mausi inapoganda, wakati mteja amekaa kwenye benchi anasubiri.

Wengi hukimbilia kulaumu waya. Mimi nasema fungua terminali kwanza, uandike `watch grep Dirty /proc/meminfo`, kisha uangalie namba ikipanda. Linux haipeleki data moja kwa moja kwenye diski, huiweka kwanza kwenye RAM; hiyo inayosubiri kuandikwa ndiyo Dirty. Kikomo cha kawaida, `vm.dirty_ratio`, ni asilimia 20 ya kumbukumbu inayopatikana, kwa hiyo mashine ya GB 16 inaweza kurundika karibu GB 3. Mtandao wa gigabiti huleta zaidi ya MB 100 kwa sekunde. Diski ikizidiwa, rundo hujaa na kila programu inayotaka kuandika husimamishwa. Ni kama kwenye soko la samaki la Mwaloni, mitumbwi ikishusha dagaa haraka kuliko wabebaji wanavyoondoa.

Punguza rundo. Kwenye `/etc/sysctl.d/90-diski.conf` andika:

`vm.dirty_background_bytes=67108864`
`vm.dirty_bytes=268435456`

Yaani MB 64 kuanza kumwaga kwenye diski, MB 256 kikomo. Kisha `sudo sysctl --system`, bila kuzima mashine.

Faida nyingine naithamini zaidi: umeme ukikatika ghafla, kinachopotea kwenye RAM ni kidogo. Harusi ya mtu hairudiwi.

Kama bado inakwama, nakili kwa `rsync --bwlimit=60000`, inayobana kasi hadi karibu MB 60 kwa sekunde.