Toni za bibi ndani ya Python

Jana usiku, nyumbani Mtwara mjini, nilikaa na orodha ya maneno ya Kimakonde niliyoyaandika nikimsikiliza bibi yangu wa Newala. Kimakonde kina toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti ndani ya neno, basi kila irabu yenye toni ya juu nimeiwekea alama. Nikaiambia Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, inipe herufi ya kwanza ya neno, neno[0]. Ikanipa a tupu. Alama imeachwa nyuma!

Nikapima urefu: len("á") ikaleta 2. Kwa macho ni herufi moja. Ndani kuna a, kisha U+0301, alama inayokaa juu ya herufi iliyoitangulia. Python inahesabu namba za Unicode (mfumo wa namba za herufi na alama za maandishi), siyo herufi tunazoziona. Na ukiligeuza neno nyuma mbele, toni inahamia kwa jirani. Hilo liliniuma sana, maana toni ya bibi si pambo.

Amri ya Python ya kuunganisha herufi na alama yake, unicodedata.normalize("NFC", neno), ikazifanya namba hizo mbili kuwa U+00E1 moja. Irabu zote tano zikapona. Lakini m̂, yenye kikofia changu cha toni inayoshuka, haina namba yake peke yake, ikabaki 2. Hapo nikaweka regex, moduli ya ziada ya Python ya kutafuta ndani ya maandishi: regex.findall(r"\X", neno) hukata herufi pamoja na alama yake. Jumamosi napanda Newala kumsomea bibi orodha nzima.