Masta ya kudizaini vitu: unaenda kusomea nini hasa?

Jamani inboksi yangu imejaa swali moja na nimechoka kujibu mmoja mmoja, kwa hiyo naandika hapa mara moja alafu nitakuwa natuma linki tu. Swali lenyewe linakuja hivi: kaka ulisoma masta ya prodakti dizaini Ulaya, je inalipa, je na mimi niende, je ni kuchora au ni uhandisi au ni biashara? Wengine wanaongeza "maana mimi najua kutumia programu za 3D vizuri". Sawa, ntakuja huko kwenye 3D.

Nianze na aibu yangu. Digrii ya kwanza nilisoma uhandisi wa mitambo hapa hapa Tanzania, na projekti ya mwaka wa mwisho nikatengeneza mashine ya kupukuchua mahindi, ya kuzungusha kwa mkono, ina beringi mbili, shafti nimechongesha kwa fundi wa tano, fremu imechomelewa vizuri, rangi ya bluu. Nikapata A. Nikaona hii siwezi kuiacha ikaoze stoo ya chuo kama za wenzangu, nikaipakia kwenye basi mpaka kwa shangazi yangu Babati, mwenyewe najiona mkombozi wa wakulima. Shangazi akaizungusha kama dakika kumi, akasimama, akashika kiuno. Akaniuliza, "Sasa baba, nikikaa hapa nazungusha, nani ananiwekea mahindi?" Ukweli ni kwamba ilitaka watu wawili na kwake msimu wa mavuno yuko peke yake na wajukuu wako shule. Wiki mbili baadae beringi ikaingia vumbi ikakwama na beringi ya saizi ile Babati mjini haikuwepo. Leo hii nikienda nakuta masufuria yameanikwa juu ya ile fremu, na kusema kweli kama kichanja cha vyombo imetulia sana haiyumbi.

Hiyo A nimeitaja kwa sababu hakuna mwalimu hata mmoja aliyeniuliza swali la shangazi. Waliuliza shafti itahimili nguvu kiasi gani, nikawajibu, wakafurahi.

Basi nikaja kupata ufadhili nikaenda Delft, Uholanzi, chuo cha TU Delft, kitivo cha Industrial Design Engineering ambacho kipo tangu 1969 na wanafunzi wenyewe wanakiita IO kwa kifupi cha Kiholanzi. Pale masta ziko tatu za miaka miwili miwili: Integrated Product Design ndo ya wanaopenda kitu chenyewe, kinatengenezwaje na kwa malighafi gani, Design for Interaction ni ya kuangalia mtu anavyotumia kitu, na Strategic Product Design imeegemea upande wa kampuni na soko. Nikaingia ya kwanza. Nilifika na leptop nzuri na michoro yangu ya 3D inang'aa kama tangazo la gari.

Projekti ya kwanza ya kundi tulipewa wazee wanaoishi nyumba za zamani. Mtu akisikia ngazi za Uholanzi anaweza kudhani ngazi za kawaida, hapana, zile zimesimama kama za kupandia mnazi, nyembamba, na mzee wa miaka themanini anakaa ghorofa ya tatu. Tukasema hapa wanateseka na mizigo ya sokoni, mimi usiku mmoja nikachora kitoroli kinachopanda ngazi chenyewe, kina magurudumu matatu matatu kila upande, mota, betri, rangi ya chungwa. Mwalimu akaangalia akasema vizuri, keshokutwa leteni cha boksi. Cha boksi! Nimevuka bahari kuja kukata maboksi na gundi kama chekechea? Tukakata. Tukakipeleka kwa bibi mmoja, kikapinda ngazi ya nne, akacheka, akatukaribisha kahawa na kibiskuti kimoja kimoja (kimoja, sio viwili, wanaoijua Uholanzi wananielewa). Alafu katika stori akatuambia yeye mizigo habebi, anamgongea kijana wa chini ambebee, na hiyo ndo nafasi yake ya kuongea na mtu kwa siku. Tukimpa kitoroli tunamnyang'anya yule kijana.

Mwenzetu mmoja Mhindi akafunga daftari taratibu. Kitoroli kikafa pale pale na tulikuwa tumetumia maboksi na gundi tu, hata euro kumi hazijafika. Mashine ya shangazi ilikula laki nne na nusu za mwaka ule kabla sijaambiwa ukweli. Hiyo tofauti ndo masta yenyewe, mengine yote ya malighafi, gharama za moldi (kalibu), takwimu, kuandika ripoti, ni muhimu na yanachosha lakini mengi unaweza kuyasoma ukiwa Sinza. Ambacho huwezi kujipa mwenyewe ni mtu wa kukulazimisha utoke nje na kitu kibovu mkononi wakati bado ni rahisi kukitupa.

Sasa mfano ninaoupenda kuliko yote na unatuhusu. Kuna jamaa anaitwa Amos Winter, alikuwa mwanafunzi wa chuo cha MIT kule Marekani, akaja Tanzania 2005 kuangalia viti vya magurudumu. Akakuta tunachokijua wote: kile kiti cha hospitali kinakwenda vizuri kwenye sakafu tu, kwenye njia ya kijijini yenye mawe na mchanga kinakufa, na ile baiskeli ya magurudumu matatu ya kuzungusha kwa mikono inakwenda mbali barabarani ila ndani ya nyumba haiingii. Kwa hiyo mtu anahitaji viwili na hana hata hela ya kimoja. Suluhisho lake na wenzake likawa kiti chenye nyenzo mbili ndefu unazisukuma kwa mikono, ukishika juu unapata nguvu ya kupanda mlima na kwenye mchanga, ukishika chini karibu na gurudumu unapata spidi kwenye njia nzuri, yaani gia ni mkono wako mwenyewe unavyouhamisha, hakuna mtambo wa gia wa bei. Na minyororo na vinginevyo ni vya baiskeli ya kawaida, kwa hiyo fundi baiskeli yeyote wa mnadani anakitengeneza. Ukifika nyumbani unachomoa zile nyenzo unabaki na kiti.

Ukisikia hivo unasema akili kubwa, kumbe toleo la kwanza walipolijaribu huku Afrika Mashariki watumiaji waliwachana kweli kweli, zito, pana, ndani halifai. Wakarudi mezani wakapunguza upana na uzito wakaja tena, wakapeleka na nchi nyingine. Baadae kile kiti kikazaa kampuni inauza mpaka kwa Wamarekani wanaotaka kwenda matembezi porini. Kitu kilichoanzia njia zetu za mashimo kinauzwa kwao bei ya kwao, na hapo ntaacha maana naweza kuanza siasa.

Stanford, chuo kingine cha Marekani, nao wana darasa linaitwa Design for Extreme Affordability, wanafunzi wa masta wa uhandisi, biashara na wengine wanachanganywa, wanapewa tatizo la watu wa kipato cha chini. Zile taa za sola za d.light ambazo ukienda kijiji chochote huku au Kenya unaziona, chanzo chake ni darasa hilo. Mmoja wa waanzilishi, Sam Goldman, alikuwa ameishi Benin na mtoto wa jirani yake akaungua na kibatari cha mafuta ya taa. Ona hiyo, tatizo alikuwa nalo kabla ya darasa, darasa lilimpa wenzake na muda wa kulihangaikia. Na hapa Arusha alikuja dada mmoja kutoka MIT, Jodie Wu, na kifaa cha kupukuchua mahindi kinachofungwa kwenye baiskeli. Nilipokisoma nikiwa Delft niliumia moyo, mahindi yale yale! Lakini nao kampuni yao baadae ikageukia zaidi taa za sola, kwa hiyo shangazi yangu hakuwa peke yake wa kukunja uso.

Alafu msidhani lazima masta. Lile jiko la mkaa lenye kiuno, bati nje udongo ndani, lilitengenezwa Kenya miaka ya themanini kwa kuangalia jiko la Thailand, na waliolifanya lienee ni mafundi jua kali na wamama wanaopika. Na Profesa Askwar Hilonga wa chuo cha Nelson Mandela hapa Arusha alisomea uhandisi wa kemikali mpaka PhD Korea Kusini, sio dizaini, akarudi akatengeneza chujio la maji la mchanga na nanomateria (chembe ndogo mno) ambalo linarekebishwa kufuata uchafu wa maji ya sehemu husika, na sisi tuliokulia huku na meno ya kahawia kwa ajili ya fluoridi ya kwenye maji tunajua kwa nini hilo lina maana. 2015 akachukua ile tuzo ya Afrika ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza, pauni 25,000, mtu wa kwanza kabisa kuipata.

Haya, hela. Delft kwa sisi wa nje ya Ulaya ada imeshapita euro 20,000 kwa mwaka, zidisha mara mbili, weka na chumba, kwa hiyo bila ufadhili usijidanganye na usiuze kiwanja cha familia tafadhali. Chuo kina ufadhili wake wa Justus na Louise van Effen ila wanachukua wachache mno. London kuna kozi nzuri sana ya Innovation Design Engineering, ipo tangu 1980, wanaiendesha Royal College of Art na Imperial College kwa pamoja na unatoka na masta mbili, ya sanaa na ya sayansi, ila ni miaka miwili na Chevening, ule ufadhili wa serikali ya Uingereza, inalipia masta za mwaka mmoja, kwa hiyo kabla hujaandika insha za Chevening usiku kucha angalia urefu wa kozi. Nimeona watu watatu wameumia hapo. Kama unataka zaidi upande wa teknolojia na hutaki kwenda mbali, chuo cha Marekani cha Carnegie Mellon wako Kigali tangu 2011, masta zao ni za IT na uhandisi, wala sio dizaini ya vitu, lakini usije ukaidharau kwa sababu haina theluji.

Kazi je? Mimi nilivyorudi kampuni ya kwanza iliyoniajiri kama "mbunifu wa bidhaa" ilinipa kazi ya kutengeneza vipeperushi na kalenda ya mwaka mpya. Miezi saba! Neno dizaini huku watu wanasikia logo. Sasa hivi nadizaini makasha ya mita za sola, kazi nzuri, lakini ilinichukua muda na kuna wenzangu waliobaki, Uholanzi wanakupa mwaka mmoja wa kutafuta kazi ukimaliza, wenyewe wanauita zoekjaar, na siwalaumu.

Ukitaka kujua kozi ni nzuri wala usianze na jina wala orodha za vyuo bora, watafute wanafunzi waliomaliza mwaka jana, wapo LinkedIn na wanajibu, waulize ile prototaipu yako (kifaa cha majaribio) ya mwisho iko wapi leo na ilivunjwa na nani. Akikwambia iko kwenye kabati la kioo chuoni, fikiria mara mbili. Akianza kulalamika kuhusu mtu fulani aliyeikataa, kaa umsikilize.

Na hiyo 3D sasa. Potifolio, yaani mikusanyiko ya kazi zenu, mnazonitumia niziangalie ni nzuri mno, ndo tatizo. Kila kitu kinang'aa, hakuna mkono wa mtu, hakuna kidole, hakuna hata kivuli cha fundi. Mwezi uliopita dada mmoja kutoka Mwanza alinitumia kurasa ishirini za kifaa cha kuparia samaki, magamba hayarukiruki, michoro safi. Nikamuuliza umeshampa mama wa mwaloni, pale wanapouza samaki? Kimya siku tisa nikajua nimemkwaza. Siku ya kumi ikaingia picha moja tu ya simu, imepigwa vibaya kidogo, mpini umekatika vipande viwili juu ya ndoo, magamba yametapakaa kila mahali, na chini kaandika "amesema mkono wake unalowa na huu mpini unateleza, naanza upya". Nimemwambia hiyo picha ndo iwe ukurasa wa kwanza.